Wodi, Neno Lako Shangazi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Niwie radhi kwanza. Barua hii ilitakiwa ikufikie alizeti ikiwa bado inachanua, na sasa watu wanaivuna. Nimeianza mara nyingi. Mara mtoto anaishika kalamu, mara uji unafurika, mara naandika "Shangazi" halafu nabaki kulitazama hilo neno moja mpaka chapati inaungua. Kwenye simu ndiyo kabisa siwezi. Unajijua mwenyewe na simu. Mtu akifungua mdomo aseme "lakini", umeshamwambia "haya mwanangu, wasalimie wote", na umekata.

Basi naandika. Niko uani hapa Mkonze, Zawadi yuko mgongoni. Nikisimama analala, nikikaa anaamka, kwa hiyo naandika nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya pipa la maji. Mwandiko ukiyumba usiseme nimesahau shule uliyonisomesha.

Shabani alinipigia jana. Amemaliza kuuza ufuta wake sokoni, kesho asubuhi atapita hapa kumchukua mtoto amlete kwako Kolo, kama ulivyomwagiza. "Shangazi kasema nguo mbili tu, nyingine zipo." Alikuwa na furaha, binamu yangu, anajiona anakupelekea mjukuu. Sijamwambia neno. Nataka nikuandikie wewe kwanza, ingawa barua yenyewe ataibeba yeye.

Nitalifikia hilo. Nivumilie, maana kichwa changu siku hizi hakitulii mahali pamoja, na kinachokizungusha ni neno lako.

Neno lenyewe ni wodi. Najua umecheka. Mimi miaka yote niliyokaa kwako Makole nilidhani umelitunga wewe. Ulikuwa mhudumu wa wodi pale hospitali, unapiga deki, unabadilisha mashuka, unabeba vyombo ambavyo manesi walikuwa wanavipita kama hawavioni. Ukirudi nyumbani gauni la kijani unalivua, lakini wodi unaingia nayo ndani. Asubuhi unapiga kofi mlangoni: "Raundi!" Naruka kitandani, nasimama pembeni, unakagua. Kona za shuka zilikuwa lazima zikunjwe kama bahasha na kuchomekwa chini ya godoro. Ikilegea moja, unalivuta shuka lote chini. "Hapa amelala mtu au amelala punda?" Usiku ukizima taa: "Wodi imefungwa." Hapo hata koo lingekauka vipi, nisingethubutu kuomba maji.

Na Mama Chausiku wa nyumba ya pili, unamkumbuka alivyokuwa akija kuazima chumvi na kukaa mpaka chumvi inaisha?

"Muda wa kuona wagonjwa umekwisha!" unamwambia.

"Mgonjwa gani? Humu nani anaumwa?"

"Wewe. Unaumwa umbeya, na dawa yake hatuna. Nenda kapike."

Anaondoka anacheka mpaka anashika ukuta, na kesho yupo tena.

Sasa na mimi ndivyo nilivyo. Siku moja watoto wa humu uani walikuwa wanaruka kamba mlangoni kwangu, na Zawadi ndiyo kwanza amefumba macho. Nikatoa kichwa: "Wodi imefungwa!" Kicheko kikatoka chumba cha pili. Ni Neema, mpangaji mwenzangu, binti wa Mbeya, anasoma chuo kikuu hapa, anasomea ualimu wa Kiingereza. Akaja na simu yake na kikombe kitupu, maana chai hunywea kwangu.

"Mama Zawadi, hiyo wodi umeitoa wapi?"

"Kwa shangazi yangu."

"Na shangazi kaitoa wapi?"

"Hospitali."

"Na hospitali imeitoa wapi?"

Nikamwambia aniache, nina unga wa kukanda. Lakini wanafunzi wakishika kitu hawakiachii. Kumbe mwalimu wao alikuwa amewapa kazi, kila mmoja atafute neno fupi la Kiingereza alifuatilie mpaka lilikozaliwa, na yeye alikuwa bado hajapata lake. "Basi nimelipata," akasema, akavuta kigoda changu akakaa. Tangu siku hiyo hatujapumzika, mimi na yeye na hilo neno.

Kwa Kiingereza ni ward. Herufi nne tu, Shangazi, lakini lina shughuli nyingi kuliko mama lishe. Kwanza ndiyo hiyo wodi yako ya vitanda. Halafu kata nayo ni ward. Makole ni ward, Mkonze ni ward, kila mwenye kata yake ana wodi. Nikasema basi shangazi yangu alikuwa anatoka wodini, anapita wodini, anakwenda kulala wodini. "Exactly!" kasema Neema, akaandika. Halafu yale meno ya ndani ya kitasa, yanayokataa ufunguo usio wake usizunguke, nayo ni ward. Na ukikinga balaa lisikufikie wanatumia hilohilo. Nikamwonyesha ule uzi mweusi uliomfunga Zawadi mkononi alipozaliwa, nikamuuliza na huu je. Akasema huo ndio wenyewe.

Kila siku anakuja na jipya. Mimi nasukuma chapati zangu za kuuza, yeye anasoma. Akasema zamani sana, kabla ya hospitali na kabla ya kata, neno hilo lilikuwa ni kulinda tu, na mtu anayelinda, yule anayekaa macho wenzake wamelala. Kwamba guard, hawa walinzi wa getini, ni ndugu yake wa damu, ila yeye alilelewa kwa Wafaransa, akarudi mdomo umebadilika, kama hawa wenzetu wanaokaa Dar miaka miwili wakirudi Kolo wanajifanya Kirangi kinawapita. Na lord, bwana mkubwa, hata Bwana Mungu kwenye Biblia yao ya Kiingereza, alianza kama mlinzi wa mkate. Limemezwa humo ndani, ward, huwezi kuliona mpaka uonyeshwe.

"Mlinzi wa mkate ndiye bwana?" nikauliza.

"Ndiye bwana."

"Na mimi ninayelinda chapati tangu alfajiri mbona mnaniita we mama, ongeza chai?"

Neema akacheka, akaongezewa chai.

Kuna ward nyingine inakaa mkiani mwa maneno, ya kuonyesha upande. Mtu anayeelekea nyumbani anakwenda homeward. Nikasema hii lazima ni ndugu pia, maana anayelindwa ndiye anayejua pa kurudi. Akatafuta. Akasema hapana, hawa wamefanana sura tu, hawana nasaba. Nilisikitika, Shangazi, sijui kwa nini. Nilisikitika siku nzima kama nimeambiwa habari ya mtu.

Halafu juzi akaja hana haraka ya kusoma. Akazungushazungusha kikombe.

"Kuna maana moja nilikuwa nairuka," akasema. "Mtoto anayelelewa na mtu asiye mzazi wake, huyo mlezi ndiye anayemjibia kwa kila kitu. Mtoto huyo wanamwita ward."

Nikanyunyiza unga kibaoni.

"Kama wewe na shangazi yako. Si uliniambia?"

Chapati niliyokuwa naisukuma niliisukuma mpaka ungeweza kusomea barua chini yake. Mteja mmoja akaniuliza kama siku hizi nauza leso.

Usidhani neno limeniamulia. Mimi si mtu wa kuamuliwa na neno la Kiingereza, na ningefika nilipofika hata kama Neema angesomea kilimo. Ila limenisimamisha mahali ambapo siku zote nilikuwa napita mbio.

Nililetwa kwako nikiwa na umri huu wa Zawadi. Ulinisimulia mwenyewe, hukunificha. Niligoma kuacha ziwa, na mama alikuwa amechoka, na desturi yetu unaijua kuliko mimi. Mtoto anapelekwa kwa bibi au kwa shangazi, anakaa mpaka asahau, ndipo anarudishwa. Ulimwambia mama, "Mwezi mmoja tu, wifi." Mwezi ukaisha nina surua, mkasema apone kwanza. Nikapona, mvua zikakata barabara. Barabara ikapitika, ukasema mjini kuna chekechea na huko Kolo hakuna. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Hilo ndilo linalonitesa, kwamba hakuna aliyedanganya. Hakuna aliyekaa akasema tumchukue mtoto wa mtu. Mwezi ulirefuka tu, mpaka nikamaliza kidato cha nne nikiwa kwako.

Na nilikula, Shangazi. Nilivaa, nikasoma, nikipatwa na homa uliniwekea kiganja shingoni na ukajua bila kipimo. Nikikaa nikajiuliza nani alinilinda mimi duniani, uso unaokuja ni wako. Sina mwingine. Siandiki haya kukulaumu, na ukiona machozi popote kwenye karatasi hii ujue ni maji ya pipa.

Lakini unaikumbuka ile siku mama alipokuja? Sijui nilikuwa darasa la ngapi, la kwanza labda. Alikuja na karanga kwenye mfuko, na kanga mpya ambayo bado ilikuwa na gundi. Mimi nikajificha nyuma yako. Ukanisukuma, "Msalimie." Nikatoka nikasema, "Shikamoo, mgeni."

Mlicheka wote. Mama naye alicheka. "Marahaba, mgeni wangu. Umekua."

Ulimkaribisha kitandani, hatukuwa na viti vya kutosha. Akaziangalia zile kona za shuka, akaogopa kuziharibu. Akakaa chini, sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta. Nilikuwa namwangalia. Mkaongea habari za Kolo, mtama, nani kaolewa, na muda wa basi ukakaribia, ndipo ukasema kile unachosema siku zote, kwa sauti yako ileile ya Mama Chausiku:

"Haya, muda wa kuona wagonjwa umekwisha!"

Ulitania. Najua ulitania. Ila mama hakuwa mtu wa Makole, utani huo hakuujua. Alisimama palepale, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Haya wifi, samahani," kama mtu aliyekutwa mahali asiporuhusiwa. Akanigusa kichwani kwa vidole viwili. Umewahi kuona mtu anavyogusa kitambaa dukani akiwa hana nia ya kukinunua? Hivyo. Akaondoka, na mimi nikazifungua karanga.

Hakuja mara nyingi baada ya hapo. Alipofariki ulinichukua tukaenda Kolo kuzika, na nililia kwa sababu watu wengine walikuwa wanalia. Nilimlilia kama jirani. Kumlilia kama mama nimeanza mwaka juzi, siku waliponiwekea Zawadi kifuani, na sijui lini nitamaliza.

Siku hiyo ulikuwepo. Ulishastaafu, ulishahamia Kolo, lakini uliposikia nimeshikwa na uchungu ulipanda gari usiku huohuo. Ukaingia wodini kama unaingia jikoni kwako. Yule nesi mdogo akakuzuia: "Bibi, huku hairuhusiwi." Ukamtazama kuanzia viatu. "Mimi nimepiga deki humu wewe hujazaliwa. Mpe mwanangu shuka lingine, hili lina mkojo wa wiki iliyopita." Na shuka likaja! Ukatandika mwenyewe, kona zikakaa, ukanilaza. Nilipokuwa napiga kelele ulinishika mkono ukasema, "Lia, hapa ndipo pa kulilia." Nimeyaweka maneno hayo. Sijawahi kuambiwa maneno mazuri kuliko hayo.

Kwa hiyo uliponipigia mwezi uliopita ukasema, "Mtoto anakaribia miaka miwili bado anakunyonya kama ndama, utakauka, mlete, mwezi mmoja tu," nilisema "haya". Ningesema nini? Wewe hujibiwi vingine, na mimi sijalelewa kukujibu vingine. Lakini "haya" yangu ilikuwa ya adabu. Baada ya simu nilikaa sakafuni, na unga ukakaa umekandwa mpaka ukakauka. Mwezi mmoja tu. Hata sauti ni ileile, Shangazi, laini, ya mtu anayetaka kukusaidia.

Na kweli ulitaka kunisaidia. Nimechoka, sitabisha. Zawadi ananyonya usiku kucha, naamka macho mekundu nakwenda kuwasha jiko, nawauzia chai mafundi wa majengo, nikirudi kuna nguo, na baba yake yuko safarini na lori, akirudi anasema, "Mambo ya shangazi yako mimi siingilii." Kuna siku nimejikuta nalala nimesimama na mwiko mkononi. Ukinipa mwezi mmoja wa kulala ningeupokea kwa mikono miwili. Nimewaza hivyo mara nyingi, nikakasirika, nikawaza tena, nikazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Neema anasema mpigie umwambie. Neema hakujui.

Hili ndilo jibu langu. Zawadi haji Kolo. Si mwezi huu, si wiki moja, si "mpaka Shabani arudi tena". Ataachia ziwa hapahapa Mkonze, kwenye kitanda hiki, nami nikiwepo. Kesho Shabani akifika nitampa chai, nitampa barua hii na kitenge nilichokununulia, na nitamwambia mwenyewe kwamba mtoto habebwi. Akikuambia nilikuwa mkali, ni kweli nitakuwa nimekuwa mkali, maana nisipokaza uso nitamkabidhi. Nakujua, najijua.

Sijui utaipokeaje. Hilo ndilo linanifanya nisimame na kukaa na kusimama. Labda utasema nimekua, nimeanza kukupima. Labda utakaa kimya, na kimya chako mimi nakiogopa kuliko maneno. Najua pia kitu ambacho hukukisema kwenye simu. Nyumba ya Kolo ni kubwa kwa mtu mmoja, na ulishazoea kusikia mtu akipumua chumbani unapozima taa. Ningekuwa na namna ningekugawia pumzi yake. Namna niliyo nayo ni moja, nayo ni kwamba uje wewe. Mlango huu ni wako, utanifundisha kumwachisha kama wanavyofanya watu wazima, utanigombeza, nitakubali kugombezwa. Kumtoa ndiko sikubali.

Kesho kutwa nitakuwa nakuwaza ukisomewa barua hii barazani. Mwambie Shabani asome polepole, asiruke. Mungu akuweke, Shangazi, akupe afya ya magoti. Salamu kwa majirani wote, na Zawadi anakusalimu, ameamka, anavuta nywele zangu, kwa hiyo nimalizie.

Vitu ambavyo bado nahitaji, ukipata mtu anayekuja huku mpe:

Unga wa uwele, debe moja, usagwe laini wa uji wa mtoto, usichanganye na mahindi.

Karanga zilizomenywa, kilo mbili. Hapa wanauza zilizooza katikati.

Mlenda mkavu, fungu moja kubwa.

Asali ya nyuki wadogo, chupa moja, nimtilie kwenye uji ausahau utamu mwingine.

Kibuyu kidogo chenye shingo, cha kunywea, kikombe cha plastiki anakitupa.

Samli, kiasi chochote.

Na majani mawili ya mshubiri, yale manene machungu ya ule mmea ulio nyuma ya jiko lako. Yafunge kwenye gazeti yasinyauke njiani. Nitajipaka mwenyewe kwenye ziwa. Atalia, najua atalia sana. Atalia akiwa mikononi mwangu.

Mwanao uliyemlea,
Mama Zawadi